Njia za Vitabu Tutazichora Wenyewe



Majuma machache yaliyopita alifika tawini kwetu bwana mmoja msomi, mtu wa shahada mbili, kuja kutazama chumba chetu cha kusomea. Tulimkaribisha vizuri, tukampa kiti na kahawa. Chumba chenyewe si kikubwa: meza moja, mabenchi manne, taa, na rafu tatu za mbao za sanduku. Bwana yule alisimama mbele ya rafu, akavaa miwani yake, mara akacheka. Akauliza, "Nani ameweka utendi wa Mwana Kupona ubavuni mwa Mill?"

Tukamjibu kuwa tumeweka sisi. Akatikisa kichwa. Akasema vitabu hivyo si vya jamaa moja. Kimoja ni ushairi wa pwani na kingine ni falsafa ya Ulaya, na anayeviweka pamoja hajui mambo ya vitabu. Kisha akatuandikia katika kipande cha karatasi namba ambayo kila kitabu chetu chastahili kupewa, akaenda zake.

Karatasi ile tunayo. Hatukuitupa, wala hatukuifuata. Leo twataka kuijibu mbele ya wanachama wote, kwa sababu maneno ya bwana yule si yake peke yake. Wako wengi wanaoamini kwamba kila wazo lina nyumba yake, kwamba nyumba za mawazo makubwa zote ziko Ulaya, na kwamba kazi yetu sisi ni kubisha hodi na kungoja mlangoni. Twasema bila kificho: hiyo ni kasumba, na kasumba hii haikuondoka siku ile bendera ya wakoloni ilipoteremshwa.

NAMBA HIZI ZATOKA WAPI?

Namba alizotuandikia bwana yule zilitungwa na Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, aliyezichapisha mwaka 1876. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa mpango huu na tukaukariri kama sala. Elimu yote ya dunia imegawanywa katika mafungu makuu kumi. Fungu la 200 ni la dini. Tazameni lilivyogawanywa: Biblia na mambo ya Ukristo yamepewa kuanzia 220 mpaka 289, na dini nyingine zote za wanadamu zimesukumwa katika 290. Uislamu mzima, pamoja na vitabu vyake na wanazuoni wake wa zaidi ya miaka elfu na mia tatu, umepata namba 297.

Njoni katika fungu la 800, ambalo ni la fasihi. Wamarekani wana 810, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, Wataliana 850, Wahispania 860, Kilatini 870, na Kigiriki 880. Waliobaki wote, Wahindi, Waajemi, Waarabu, Wachina na Waafrika, wamerundikwa katika 890 kama abiria wa daraja la tatu. Kiswahili chetu utakikuta 896.392. Hesabu tarakimu hizo, ndugu. Mwingereza amepewa sebule. Sisi tumepewa uchochoro ulio nyuma ya nukta.

Hatusemi kwamba mpango huu hauna faida. Mwenye vitabu elfu kumi sharti ajue kila kimoja kiko wapi, na maktaba nyingi duniani, hata hapa kwetu, zingali zikiutumia. Lakini namba hukuambia kitabu kinakaa wapi. Haikuambii kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, wala kinakwenda wapi baada ya kusomwa. Hayo ayajuaye ni msomaji.

MWANA KUPONA NA MILL

Sasa tueleze jinsi vitabu vile viwili vilivyokutana rafuni petu.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepigana na Sultani wa Unguja. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia: jinsi ya kumcha Mungu, jinsi ya kukaa na watu, na jinsi ya kumtunza mume. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1869, Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kitabu cha kupinga wanawake kuwekwa chini ya amri ya wanaume. Alidai kwamba hiyo inayoitwa tabia ya mwanamke ni kitu kilichotengenezwa na malezi. Watu hawa wawili hawakujuana kabisa.

Darasa letu la akina mama la siku ya Alhamisi lilikuwa likisoma utendi. Mwalimu wao, ambaye alikuwa akijisomea Mill kwa ajili ya mtihani wake, akawasomea kurasa chache kwa Kiswahili chake mwenyewe. Siku ile taa iliwaka mpaka mafuta yakaisha. Mama mmoja muuza samaki alisema kwamba Mwana Kupona anamfundisha binti kuishi katika nyumba kama alivyoikuta, na Mzungu huyu anauliza ni nani aliyeijenga nyumba namna hiyo. Mama mwingine akamkataza kumdharau Mwana Kupona. Akasema, "Huyu ni mwanamke aliyeshika kalamu. Alijua kwamba maneno ya mama kwa mwanawe yafaa kuandikwa. Wangapi katika waume zetu wamewaandikia watoto wao hata ukurasa mmoja?" Ubishi ukawa mkubwa, na hakuna aliyeshinda.

Juma lililofuata wakaja mbele ya halmashauri ya tawi. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kina kasha, na ufunguo wa kasha tulikuwa nao sisi wanaume wa halmashauri, ati kwa usalama. Wakatuuliza swali moja tu: kwa usalama wa nani?

Twakiri, ndugu, hatukuwa na jibu. Sisi tunaohutubia viwanjani habari za haki ya watu kujitawala tulikuwa tumekalia ufunguo wa watu. Ufunguo ule sasa anao mweka hazina wao, na hesabu zao zimenyooka kuliko za tawi.

Kama tungefuata karatasi ya bwana msomi, Mill angekaa katika fungu la 300 pamoja na mambo ya jamii, Mwana Kupona angekaa 896.392, na ufunguo tungekuwa nao sisi mpaka leo.

Wala akina mama wale si wa kwanza kwenda njia hiyo. Mwalimu Nyerere, alipokuwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, aliandika insha iliyochukua hoja za Mill na kuzipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Mtemi Burito. Je, twaweza kusema kijana yule alifundishwa na Mwingereza kwamba mwanamke wa kwao anabeba mzigo mzito? Mzigo aliuona kwa macho yake tangu utotoni. Mill alimpa maneno ya kuusema mbele ya wasomi.

VIJANA WANAOTAKA KUCHOMA

Tukimaliza kumjibu bwana wa miwani, tunasikia makofi upande wa pili. Wako vijana wetu, wenye moyo na wenye haraka, wanaosema, "Vema! Sasa mtupeni Mill nje. Mwacha asili ni mtumwa. Tusome vya kwetu tu."

Methali hiyo ni ya kweli, na sisi twaipenda. Lakini twawauliza vijana: asili yenu mnaijua mpaka wapi? Chukueni hadithi ya Punda wa Dobi, ambayo bibi zetu waliisimulia na ambayo iliandikwa Unguja ikachapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia Papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamchukua mgongoni kwenda kwao, na katikati ya maji anamwambia kwamba Sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ah, ungenambia mapema. Sisi tukisafiri mioyo huiacha mitini. Papa anamrudisha, Kima anapanda juu, na tena hashuki. Papa akimwita, Kima anamwambia hataki kuwa kama punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio: yule aliyeponea makucha ya Simba mara ya kwanza, kisha akadanganywa na Sungura akarudi kuliwa.

Nani atakayesema hadithi hii si yetu? Papa ni wetu, mkuyu ni wetu, Sungura ni wetu. Lakini hadithi hiyo hiyo imo katika Panchatantra, kitabu cha zamani sana cha Bara Hindi. Huko mlaghai ni mbweha, na mwenye kumbeba kima ni mnyama wa majini wa kwao. Katika karne ya 6, zama za Mfalme Anushirvani, tabibu Burzoe alikigeuza kitabu hicho kwa Kiajemi. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitoa katika Kiajemi akakitia katika Kiarabu, kikaitwa Kalila na Dimna. Humo mwenye kumbeba kima amekuwa kobe. Majahazi yalipokuja na kaskazi yalikuwa na tende na mazulia, na yalikuwa na mabaharia wenye ndimi. Hata jina la dobi mwenyewe, mfua nguo, ni neno la Kihindi.

Basi vijana watuambie: tumchome na Punda wa Dobi? Wazee wetu walikuwa na akili zaidi. Hawakumwomba mtu ruhusa, wala hawakuona haya. Walipokea hadithi, wakamtoa mbweha wakamweka Sungura, wakamtia Papa baharini mwao, hadithi ikaoa na ikazaa hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

LONDON ILIVYOKUWA NJIA PANDA

Ubaya wa ukoloni katika jambo la vitabu haukuwa kwamba ulituletea vitabu vya kigeni. Tulikuwa navyo kabla yake. Ubaya wake ulikuwa kufunga njia zetu za kale na kuamuru kwamba kila safari ipitie London.

Mfano tunao. Omar Khayyam alizaliwa Nishapur katika nchi ya Uajemi mwaka 1048. Pwani yetu ilifanya biashara na Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi. Maneno ya Kiajemi yamo vinywani mwetu, na mwaka mpya wa Waswahili twauita Nairuzi. Hata hivyo, mashairi ya Khayyam yalipofika katika Kiswahili kwa kalamu ya Shaaban Robert, yalipitia Kiingereza cha FitzGerald cha mwaka 1859. Jirani yetu wa ng'ambo ya bahari alizunguka mpaka Uingereza ndipo akafika Tanga! Hatumlaumu Shaaban Robert, tena twamshukuru. Alichukua njia iliyokuwa wazi. Twawalaumu waliofunga nyingine.

Njia hizo zilifungwa kwa namna nyingi. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate una tarehe ya 1728. Shule za wakoloni ziliposhika herufi za Kirumi, mzee aliyeweza kusoma tendi na kuandika barua kwa herufi zake alihesabiwa hajui kusoma. Hata hivyo wako waliokataa kufungiwa. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alisoma gazeti la Al-Manar la Cairo, akatoa magazeti yake mwenyewe, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwauliza watu wake kwa nini wako nyuma na wafanye nini. Mombasa mpaka Cairo, na London haikuulizwa.

RAMANI YA TAWI

Ndugu, kulalamika peke yake si kazi. Tawi letu limeanza kuchora ramani, na twaomba kila tawi lichore yake. Tumenunua karatasi kubwa ya bei ndogo, tumeibandika ukutani. Kila kitabu kilichosomwa na darasa huandikwa jina lake mahali pake. Msomaji akiona kwamba kitabu kimoja kimempeleka kwenye kingine, husimama mbele ya wenzake akaeleza sababu, na wakikubali, huchora mstari. Mistari yetu ni ya namna tatu.

Mstari wa wino ni wa njia ambayo kitabu kilipita kweli, na twajua nani alikipitisha. Punda wa Dobi kurudi kwa Kalila na Dimna ni wino. Khayyam kuja kwa Shaaban Robert ni wino. Gandhi pia ni wino, na nusu ya safari yake ilikuwa katika Afrika. Mwaka 1904 alipanda treni kutoka Johannesburg kwenda Durban akiwa na kitabu cha Mwingereza John Ruskin alichopewa na rafiki. Hakulala, na mwaka ule ule akaanzisha makazi ya Phoenix karibu na Durban. Mwaka 1909 na 1910 aliandikiana barua na Tolstoy, Mrusi, na shamba lake la pili, karibu na Johannesburg, akaliita kwa jina la Tolstoy. Kitabu cha Mwingereza, barua za Mrusi, msomaji Mhindi, udongo wa Afrika: bwana msomi na atupe namba ya hayo!

Mstari wa penseli ni wa njia iliyofanywa na msomaji mwenyewe. Mwana Kupona na Mill ni penseli, maana kufanana si kuazimana, na akina mama wetu ndio waliowakutanisha. Twasisitiza jambo hili kwa sababu uongo ni uongo hata ukisemwa kwa mapenzi ya nchi. Tusimwone Mwafrika na Mgiriki wakisema neno moja tukapiga kelele kwamba mmoja amemwibia mwenzake. Lakini penseli isidharauliwe. Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Shakespeare alisema mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akasema mabepari. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno moja lilitosha kuunganisha soko la Venisi na hoja zetu za unyonyaji. Huyo ni msomaji mwenye penseli.

Mstari mwekundu ni wa ugomvi. Kitabu cha Haggard kilichopewa watoto wetu kwa Kiswahili mwaka 1929, Mashimo ya Mfalme Sulemani, kina mistari mingi myekundu: Afrika yake ni shimo la almasi, na mashujaa wake ni wageni wanaoondoka na mifuko imejaa. Watoto wetu waliwashangilia. Kitabu kile hatukukitupa, maana mwizi hujulikana kwa nyayo zake. Hata Gandhi ana mstari wake mwekundu: katika miaka yake ya Afrika Kusini aliwapigania Wahindi, na maandishi yake ya siku zile yana maneno ya dharau juu ya Waafrika. Ramani inayoficha hayo ni mapambo tu.

KATIKATI YA KARATASI

Wengine watauliza: katikati ya karatasi kunawekwa nini? Swali hili liliulizwa Nairobi mwaka 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, wakifundisha katika Chuo Kikuu pale, walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na pahali pake iwekwe idara yenye fasihi ya Afrika katikati, pamoja na fasihi simulizi. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema mtu aanze kutazama dunia kutoka pale aliposimama. Hilo ndilo neno letu pia. Kila ramani duniani ina mahali mchoraji aliposimama. Bwana Dewey naye alikuwa na pake, ila alisahau kutuambia.

Kwa hiyo twatoa wito kwa halmashauri za matawi. Kila tawi liwe na karatasi hiyo ukutani kabla ya mkutano mkuu wa wilaya, na wajumbe waje nazo tuziunganishe. Asiyejua kusoma asiachwe nje, maana hadithi za bibi yake ni vitabu pia na zina njia zake. Na viongozi tuwe tayari. Watu wakianza kuunganisha vitabu wataunganisha na mambo mengine, na huenda wakatuuliza habari za funguo tulizozishika. Kiongozi anayeogopa swali hilo na ajiuzulu mapema.

Karatasi ya bwana msomi tumeibandika kwenye pembe ya ramani yetu, upande wa magharibi, na tumeichorea mistari yake: wino mmoja, nyekundu kadhaa. Twamkaribisha tena. Kahawa ipo na benchi lipo, na safari hii aje na penseli.

UHURU NA ELIMU!